Mita Ikisoma Chini, Usikimbilie Spana

Hotuba kwa wahudumu na mafundi wa mabwawa ya kuogelea, Nakuru

Wasimamizi wa hoteli na shule mliotuma watu wenu, mafundi wa pampu na wa umeme, na nyinyi wahudumu mnaoamka alfajiri kuopoa majani kabla mwogeleaji wa kwanza hajafika: hamjambo nyote, na karibuni.

Leo nina jambo moja. Mita ya mtiririko katika chumba cha pampu ilizoea kusoma mita za ujazo 24 kwa saa. Asubuhi hii inasoma 15. Pampu inanguruma kama kawaida na maji bado yanang'aa. Utaanzia wapi?

Wengi huanzia kwenye spana. Kikapu kinafunguliwa, chujio linaoshwa, fundi wa mota anaitwa, na jioni mota mpya imeshafungwa huku mita ikibaki pale pale kwenye 15. Ombi langu kwenu ni hili: msifungue chochote kabla ya kusoma geji mbili, ya mvuto (inayopima pampu inavyonyonya maji) na ya presha (inayopima inavyoyasukuma), na kulinganisha namba zake na zile mlizoandika siku chujio lilipokuwa limetoka kuoshwa. Mita peke yake inasema maji yamepungua. Haisemi ni kwa nini, na mara nyingine hata hilo la kupungua si kweli.

Kwanza tuelewane kwa nini namba hiyo ina uzito. Chukueni bwawa la urefu wa mita 15, upana mita 7, na kina cha wastani cha mita 1.4. Hilo ni maji ya mita za ujazo 147. Ukitaka maji yote yapite kwenye chujio kila baada ya saa 6, unahitaji 24.5 kwa saa. Kwa 15, mzunguko mmoja unachukua karibu saa 10. Klorini haifiki pembeni inavyotakiwa, na jasho, mafuta ya ngozi na mkojo wa watoto hubaki ndani muda mrefu zaidi. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Pale penye pampu ndogo za kudondosha klorini na asidi, mtiririko ukikatika na pampu hizo zikaendelea, dawa hizo mbili hukutana ndani ya bomba na kutoa gesi ya klorini. Pampu kubwa ikirudi kusukuma, gesi hiyo hutokea bwawani, usoni mwa waogeleaji. Kwa hiyo mtiririko ukishuka ghafla, jambo la kwanza ni kuzima pampu za dawa. La pili ni kuwatoa watu majini. Geji zinafuata baada ya hapo.

Sasa geji. Ya presha kwa kawaida iko juu ya chujio, na mnaifahamu. Ya mvuto wengi hawana, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kusokota upya nyaya za mota mara moja. Inafungwa kwenye tundu la kutolea maji lililo chini ya chungu cha kikapu cha pampu. Angalieni mahali hapo vizuri. Maji huingia ndani ya kikapu, hupenya kwenye matundu yake, kisha huenda kwenye impela, yaani gurudumu la mabawa linalosukuma maji ndani ya pampu. Tundu la chini liko nje ya kikapu, upande wa impela, kwa hiyo kikapu kikijaa geji inaona. Ukiifunga kwenye bomba kabla ya chungu, kikapu kilichojaa kitaifanya isome mvuto mdogo, nawe utapotea njia kabisa.

Halafu zisomwe pamoja. Mvuto ukiwa mkubwa kuliko kawaida na presha ikiwa ndogo, kuna kizuizi kabla ya pampu. Mvuto ukiwa mdogo na presha kubwa, kizuizi kiko baada ya pampu: chujio, vali, au bomba la kurudisha maji. Zote mbili zikiwa ndogo, tatizo ni pampu yenyewe au hewa inayoingia. Na zote mbili zikiwa sawasawa na siku ya usafi huku mita ikisoma chini, basi mita ndiyo inayodanganya.

Nianze na hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayokula pesa bila sababu. Mita nyingi kwenye mabwawa yetu ni zile za bomba dogo la plastiki angavu lenye kigololi au kizibo kinachopanda na kushuka, limebanwa juu ya bomba kubwa kwa mikanda ya chuma. Ndani yake kuna kijimrija kinachoingia kwenye tundu lililotobolewa bombani. Kijimrija hicho huziba kwa unywele mmoja au chembe ya chokaa. Kizibo nacho hugandia ukutani kwa utelezi wa kijani. Zima pampu, funga vali za pande zote mbili, ifungue, sugua kwa brashi laini na maji ya siki, irudishe. Kabla ya hapo gonga kidogo kwa kidole pampu ikiwa inafanya kazi. Kizibo kikiruka juu na kubaki huko, umeshapata jibu.

Mita hizo pia zinataka bomba lililonyooka: urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla yake, na angalau mara 5 baada yake. Kwenye bomba la milimita 63, hiyo ni sentimita 63 bila kona, bila vali, bila tii (kiungo cha njia tatu). Vyumba vyetu ni vidogo, na mafundi wengi huifunga mita sentimita 15 baada ya kona. Hapo maji bado yanajizungusha, na namba haina maana.

Kosa jingine halionekani kwa macho. Namba za mita nyingi zimepangwa kwa mabomba ya inchi mbili ya Marekani, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 52.5. Bomba letu la PVC la milimita 63, lile la presha ya bar 10, lina kipenyo cha ndani cha milimita 57. Mita hiyo hupima kasi tu, halafu kipimo chake kinadhani bomba ni jembamba. Matokeo ni kwamba maji halisi ni zaidi ya yanayosomwa kwa karibu asilimia 18. Tena kipimo kinaweza kuwa cha galoni kwa dakika. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, na anayezichanganya amekosea kwa moja ya tano. Galoni 100 za Marekani kwa dakika ni mita za ujazo 22.7 kwa saa. Andikeni hesabu hiyo kwa kalamu ya wino mzito ukutani kando ya mita.

Je, kama bado una shaka? Tumia rula. Bwawa letu la 15 kwa 7 lina uso wa mita za mraba 105, hivyo kila sentimita moja ya kushuka ni lita 1,050. Funga maji ya kujazia, hakikisha hakuna mtu majini, zima pampu, weka vali ya chujio mahali pa kutupa maji, washa, kisha pima kwa dakika 10. Kwa mtiririko wa 24.5 maji yatashuka karibu sentimita 3.9. Kwa 15, yatashuka kama 2.4. Mtasema maji yakitupwa hayapiti kwenye chujio, kwa hiyo pampu inasukuma kwa wepesi zaidi. Ni kweli. Ndiyo maana unabana vali ya bomba la kutupia mpaka geji ya mvuto irudi kwenye namba ile ile iliyosoma wakati wa kuchuja. Njia ya kuvuta haijabadilika, basi mvuto ule ule ni maji yale yale. Jaribio hili hula lita 4,000 hivi, na maji ni ghali, kwa hiyo lifanyeni siku ambayo mvua imelijaza bwawa kupita kiasi.

Tuseme mita ni nzima. Geji zinaonyesha mvuto mkubwa na presha ndogo, yaani kizuizi kiko kabla ya pampu. Hapa anza na macho: usawa wa maji uwe katikati ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu pamoja na uchafu unaoelea. Chini ya hapo skima inanywa hewa. Kisha vikapu vya skima, kisha kikapu cha pampu. Nakuru maua ya mjakaranda yakianza kudondoka, kikapu kinaweza kujaa kabla ya saa sita mchana. Kisumu wale wadudu wa ziwani hufuata taa usiku na kuamkia juu ya maji kama zulia. Huko vikapu vioshwe alfajiri, na taa za bwawani zizimwe mapema. Kakamega ni majani ya mvua. Na kila mahali ni nywele za kusuka. Nyuzi za rasta hupita kwenye tundu la kikapu kilichopasuka na kujifunga kwenye impela kama uzi kwenye bobini. Kikapu kilichopasuka hakishonwi kwa waya. Kinabadilishwa.

Vikapu vikiwa safi na mvuto bado mkubwa, tafuta bomba lililoziba. Funga vali ya skima ya kwanza, soma mvuto, ifungue. Funga ya pili, soma, fungua. Halafu ya tundu la chini ya bwawa. Bomba zima likifungwa, mvuto hupanda sana. Bomba lililoziba likifungwa, geji haitikisiki, kwa sababu lilikuwa halileti kitu. Kazi hii haifanywi mtu akiwa majini hata mmoja. Ukifunga skima, mvuto wote unahamia tundu la chini, na tundu moja lenye kifuniko kibovu linaweza kunasa nywele au tumbo la mtoto asiweze kujinasua.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye jambo la nchi yetu ya juu. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inapunguza presha mlangoni mwake, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kuingia. Mombasa hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10.3 kwa hesabu kamili. Kisumu, kwenye mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, ni mita 9. Hapa Nakuru, kwenye mita kama 1,850, ni 8.3 tu. Tumepoteza mita mbili nzima kabla hatujawasha pampu. Kwa hiyo mabomba ya kuvutia yaliyobana kidogo, ambayo pwani yangevumilika, hapa yanaifanya pampu itoe sauti kama ya kokoto zinazosagwa. Sauti hiyo ni mapovu ya mvuke yanayopasuka ndani ya impela, na yanaimega kidogo kidogo. Mtiririko unashuka, na kuongeza mota kubwa kunazidisha shida. Dawa ni bomba pana. Maji ya 24.5 kwa saa ndani ya bomba la milimita 63 yanakimbia karibu mita 2.7 kwa sekunde. Upande wa kuvuta tunataka yasizidi 1.5 hadi 1.8. Bomba la milimita 90 linayashusha hadi kama 1.3. Punguzeni pia kona, na pampu ishushwe karibu na usawa wa maji.

Na msishangae geji ya mvuto ikikataa kupita bar 0.81 hapa Nakuru hata bomba likifungwa kabisa. Huo ndio mwisho wa hewa yetu.

Tuhamie upande wa pili: presha kubwa, mvuto mdogo. Watu wa Nakuru tunalijua vumbi. Jina la mji lenyewe huhusishwa na neno la Kimaasai la vumbi. Likiingia bwawani linakaa juu ya mchanga wa chujio na kuufunga. Presha ikipanda bar 0.5 juu ya ile ya siku ya usafi, osha chujio kwa kurudisha maji kinyume. Pampu izimwe kabla ya kugusa mkono wa vali, kila mara. Mkono ukizungushwa pampu ikiwaka, gasketi ya ndani huchanika, na kuanzia hapo maji huvuja kwenda kwenye bomba la kutupia bila mtu kujua. Osha mpaka kioo cha vali kionyeshe maji safi, dakika 3 hadi 5, kisha suuza nusu dakika au dakika moja ndipo urudi kuchuja.

Presha isiposhuka baada ya kuosha, weka vali mahali pa kuzungusha bila kuchuja. Mtiririko ukiruka juu, mchanga ndio mbaya. Usipobadilika, kizuizi kiko mbele: vali iliyofungwa nusu, vali ya kuzuia maji kurudi ambayo ulimi wake umegoma, au midomo ya kurudishia maji ukutani. Jaribio hilo moja linachukua dakika mbili na huokoa kufungua chujio bure.

Mchanga wenyewe huharibikaje? Kuna mzunguko mbaya ambao ningependa kila mmoja aubebe nyumbani. Ili mchanga uinuke na kujisugua, maji ya kurudi kinyume yanataka kasi ya kama mita 35 kwa saa au zaidi. Chujio la kipenyo cha milimita 900 lina eneo la mita za mraba 0.64, hivyo linataka kama mita za ujazo 22 kwa saa. Mtiririko wako ukiwa umeshashuka hadi 15, unaosha bila kuosha. Mchanga haunyanyuki, uchafu unabaki na kushikana madonge, mtiririko unashuka zaidi, na safari ijayo kuosha kunakuwa dhaifu zaidi. Kwenye maji ya joto kama ya Kisumu kasi inayotakiwa ni kubwa kuliko kwenye maji ya baridi, maana maji ya joto ni mepesi na hayabebi mchanga vizuri. Kwa hiyo rekebisha mtiririko kwanza, ndipo uoshe. Madonge yakishakuwepo, fungua juu, yavunje kwa mkono uliovaa glavu, na kama mchanga umeshikana kama saruji, uondoe wote. Mabwawa yanayojazwa maji ya kisima yenye alkali nyingi, kisha yakatiwa klorini ya unga ya kalsiamu, ndiyo yanayopata ugonjwa huu haraka, kwa sababu kalsiamu na alkali hukutana na kuwa chokaa. Pimeni alkali na pH kabla ya kuchagua aina ya klorini.

Sasa geji zote mbili ziko chini. Tazama kifuniko angavu cha pampu. Mapovu yakipita, hewa inaingia mahali. Mshukiwa wa kwanza ni oringi, pete ya raba ya kifuniko: itoe, ifute, pangusa mfereji wake, ipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari huifanya raba aina fulani ivimbe, kwa hiyo iacheni gereji. Halafu mwagia maji taratibu kwenye kila kiungo upande wa kuvuta, au paka povu la sabuni. Mapovu yakikoma kwa muda, umefika kwenye tundu. Fungua pia kivali cha hewa juu ya chujio mpaka kitoe maji tu.

Hakuna mapovu? Basi ni impela au mota. Zima breka, ifunge kwa kufuli, weka kibao cha onyo, funga vali, toa kikapu, ingiza waya wenye ncha iliyopindwa kwenye jicho la impela na uvute nywele na mbegu. Ikiwa safi, rudisha kila kitu, fungua vali, washa, kisha jaribu nguvu ya pampu: ikiwa inafanya kazi, funga polepole vali iliyo baada ya geji ya presha kwa sekunde 10 tu, soma, fungua. Jumlisha presha na mvuto kwa bar, zidisha kwa 10.2, upate mita za kuinua. Linganisha na namba ya juu kabisa kwenye mchoro wa pampu, ule wa mtengenezaji unaoonyesha inainua maji kiasi gani kwa kila mtiririko. Hakikisha kwanza kwamba chujio lako linahimili presha hiyo. Ikiwa umepata pungufu sana, impela imeliwa, au mota haizunguki inavyopaswa.

Kwa mota za fezi tatu, iulizeni swali moja kila baada ya laini kukatwa na kuunganishwa upya: inazunguka upande gani? Fezi mbili zikibadilishana, mota hugeuka kinyume, na pampu huendelea kutoa maji kiasi, jambo linalowadanganya wengi. Tazama feni ya nyuma inapokaribia kusimama, linganisha na mshale kwenye mwili wa pampu. Fundi wa umeme mwenye leseni atabadilisha waya wawili kati ya watatu, basi.

Watu husema umeme hafifu umepunguza maji. Mara nyingi si hivyo. Mota ya kawaida ikipata volti 210 badala ya 240 hupunguza mwendo kidogo mno. Inachofanya ni kupata moto na hatimaye kuungua. Kinachopunguza maji kweli ni masafa, yaani mara ambazo umeme hubadilika kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na mota hizi huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Mchoro wa pampu uliochapishwa kwa soko la Marekani ni wa hezi 60, mizunguko 3,450. Kwa hezi 50, mtiririko unakuwa tano ya sita, na nguvu ya kuinua inabaki asilimia 69 tu. Kuna mabwawa ambayo mita yake haijawahi kusoma namba ya kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, na hakuna kilichoharibika. Pampu ilichaguliwa kwa mchoro usio wa umeme wetu. Hapo hakuna wa kusafisha kitu. Ni kubadilisha impela au pampu.

Mtiririko ukisharudi, usiwashe dawa papo hapo. Acha maji yazunguke dakika 10 bwawani pasipo mtu, ndipo uwashe klorini, kisha asidi. Pima: klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8. Andika kwenye daftari mvuto, presha, mtiririko, tarehe, na ulichokikuta. Ndipo waogeleaji warudi.

Asanteni kwa kusikiliza. Tuelekee sasa kwenye chumba cha pampu. Kila kundi lichukue geji mbili na rula, na vali ya skima ya kwanza imeshafungwa; kuna nyingine iliyobanwa, ila hamtaambiwa ni ipi.